Tamiya P-38 Lightning ya 1/48: bei imechangamka ila inalipa

Wakuu, kwa sisi tunaounda ndege za kivita za plastiki, hii P-38F/G (ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia) ya kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/48, yani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, iliyotoka 2019 ndo modeli iliyoshikana vizuri kuliko zote nilizowahi kugusa. P-38 ina mikia miwili na kiwiliwili kifupi katikati, yani kwa modeli nyingi hapo ndo pati (ya kuziba nyufa) na msasa vinapoanza, ukinyoosha mkia wa kulia wa kushoto unapinda. Hapa vipande vinajipanga vyenyewe, unagusisha gundi nyembamba kwenye mshono inatembea yenyewe, basi. Halafu kwa vile tairi la tatu liko puani, bila uzito mbele ndege inakalia mkia, na wengi tumezoea kuhangaika na chubwi za kuvulia samaki. Tamiya wameweka gololi tatu za chuma humo humo kwenye boksi, moja ya puani na mbili za kwenye injini. Nimependa sana hilo.

Sasa kuchakaza, yani kuipaka ionekane imetumika vitani, maana ndo raha yenyewe. Zile P-38G zilizomtungua Admirali Yamamoto wa Japani tarehe 18 Aprili 1943 ziliruka kutoka kisiwa cha Guadalcanal huko Pasifiki, jua kali, vumbi la matumbawe, kwa hiyo kijani chake kisikae kama kimetoka dukani jana. Mimi napuliza olive drab (kijani cha jeshi) kwanza, kisha ileile nimeitia rangi ya mchanga kidogo, katikati ya kila paneli, nyepesi mno. Kuchubua rangi chubua palipokanyagwa tu jamani! Rubani alipanda kwa ngazi ya nyuma ya kile kiwiliwili akapita juu ya bawa, hapo ndo piga sponji yenye silva, sio kutapanya madoa ndege nzima. Turbo (za kuongezea injini hewa) ziko juu ya mikia, chuma kile kilikuwa kinaungua, weka kahawia ya kutu na metali, masizi meusi matupu hapana.

Kabla ya wash, ile rangi nyepesi ya majimaji inayoingia kwenye mistari ya paneli, lazima vanishi ya kung'aa, ukiiruka wash inasambaa kama mafuta kwenye karatasi. Ikishakauka kiasi futa kwa pamba ya masikio kufuata upepo ulivyopita, mbele kwenda nyuma.

Na kuna kitu watu wanakifunika na uchafu roho inaniuma, ubavuni mwa injini upande wa ndani kuna duara la bati lililosuguliwa, rubani alikuwa anajiangalizia humo kama tairi la mbele limeshuka. Liache ling'ae, lilikuwa kioo chake.

Maski za vioo, stika za kuzuia rangi isiingie kwenye vioo, zipo ila unazikata mwenyewe, wembe uwe mpya. Kama ndo unaanza na bajeti inabana chukua kwanza Spitfire ya 1/72, ila kama umeshaunda mbili tatu na mkono umetulia, hii jichange uinunue.