Boksi la fataki mchanganyiko: lipi la kuwasha, lipi la kuacha

Maboksi ya fataki mchanganyiko ya msimu wa sikukuu hayatofautiani sana kwa ndani: vijiti vya cheche vya kushika mkononi, chemchemi za kusimama chini, roketi chache, na kasha moja zito linalopiga mfululizo. Si vyote vinafaa uani.

Kabla ya kulipa, soma ubavuni. Zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huwa na alama ya CE na daraja: F1 mtazamaji akae angalau mita 1, F2 mita 8, F3 mita 15. F4 ni za mafundi waliosomea tu. Sasa pima ua. Ukiwa na mita 10 kwa 10 na fataki ikakaa katikati, ukutani ni mita 5 tu. Hapo hata kwa F2 hapatoshi.

Chemchemi ndizo zinazorudisha pesa. Hazirushi kombora, iweke tu chini pagumu palipo sawa, mbali na majani makavu na nguo zilizoanikwa.

Kasha la mfululizo linapendeza, ila kila risasi inapotoka hulisukuma chini. Likiwa juu ya nyasi au udongo laini huinama, na risasi zinazofuata zinawaelekea watazamaji. Libane kwa matofali pande zote nne, juu pabaki wazi. Washa ncha ya utambi mkono ukiwa umenyooka, kichwa kisipite juu ya kasha, kisha ondoka mara moja.

Roketi nazipa alama ya chini kabisa. Kijiti chake ndicho usukani: kikivunjika au kupunguzwa, inakwenda inakotaka. Ukikichomeka ardhini kikabana, inaweza kulipuka ikiwa palepale. Inahitaji bomba lililosimikwa imara ambamo kijiti kinateleza bila kukwama, na hata hivyo hujui itaangukia paa la nani. Penye nyumba zilizobanana, ziache.

Vijiti vya cheche ndivyo wanavyopewa watoto kwa moyo mkunjufu, ilhali huwaka kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Walio chini ya miaka 5 wasipewe kabisa. Wakubwa wavae glavu na washike kimoja kimoja, mkono umenyooka. Fungu zima huwaka kwa mpigo. Waya ukizimika bado unaunguza, hivyo utumbukizwe kwenye ndoo ya maji, usitupwe chini wanakopita peku.

Utambi ukiungua na kitu kisilipuke, usikiinamie wala kukiwasha tena. Subiri nusu saa, mwagia maji kwa mbali, kisha kizamishe. Akiungua mtu, maji ya bomba yapite juu ya jeraha dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Jicho lisisuguliwe, lifunikwe bila kukandamizwa, aende hospitali.

Maganda yaliyotumika yalale majini usiku kucha kabla ya kwenda jalalani, maana karatasi nene huficha kaa kwa ndani.