Kikaango gani ununue Tanga? Nenda dukani na chupa ya maji

Nilikuwa duka la tatu pale Ngamiani muuzaji aliponichoka. Nachovya kidole kwenye chupa ya maji, nadondosha tone kwenye kikaango, nakiinamisha, nahamia kingine.

"Dada, unanunua au unaviogesha?"

"Navisalimia kwanza, kaka yangu. Vikiitikia nalipa."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Chila au yai hugusa ngozi ya juu tu ya kikaango, na tabia ya ngozi hiyo hutegemea mambo matatu: kitu ilichotengenezwa nacho, ulaini au ukwaruzo wake, na hewa iliyokaa nayo. Tone la maji huyasoma yote. Likitandaa, uso unapenda maji. Likijikunja mviringo, unayakataa, na mara nyingi chakula nacho hakiushiki kirahisi. Wenye maabara hupima pembe ya ukingo wa tone: chini ya nyuzi 90 uso unalowa, zaidi ya hapo unakataa.

Ukitaka kuona ukataaji wenyewe, tazama jani la magimbi baada ya mvua. Maji yanabingirika juu yake kama gololi. Nta ya jani peke yake isingeweza hilo, kwa sababu kitu laini kabisa, hata kiwe teflon, ile ngozi ya vikaango vya nonstiki, hakivuki nyuzi 120 hivi. Jani limejaa vinundu vidogo mno, hewa inanaswa katikati yake, na tone linakaa juu ya hewa. Wanasayansi Cassie na Baxter waliieleza hali hiyo mwaka 1944. Kabla yao, mwaka 1936, mwanasayansi mwingine, Wenzel, alionyesha kwamba ukwaruzo huzidisha tabia ambayo uso tayari unayo: unaokataa maji hukataa zaidi, unaoyapenda huyapenda zaidi. Kumbuka hilo la Wenzel, tutalirudia kwenye stilwaya.

Sasa vikaango, kwa mpangilio wangu mimi ninayepikia mkaa siku nyingi na gesi siku za haraka.

Cha kwanza ni chuma kizito cha kumimina. Kikiwa kipya hakivutii: kizito, kina chembechembe kama msasa, na tone litakudanganya, kwa sababu mara nyingi hupakwa mafuta au nta kisishike kutu njiani. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe motoni, kisha kipake mafuta membamba sana na ukichome mpaka yaache kutoa moshi. Rudia mara nne, tano. Hapa hewa inakufanyia kazi: mafuta ya moto hushika oksijeni, yanaungana na kuganda kuwa ngozi nyeusi ngumu inayojaza vile vishimo. Tumia alizeti. Najua Tanga mkono unakwenda wenyewe kwenye mafuta ya nazi, lakini ya nazi hayagandi hivyo, utabaki na utelezi unaonata vumbi. Ngozi ikikubali, tone linasimama, na chapati inageuka bila kubembelezwa. Ubaya wake ni upepo wetu. Chumvi ya bahari huvuta unyevu, na chuma kikiachwa kimelowa usiku mmoja, asubuhi kina kutu, na kutu ni uso wa kukwaruza unaokunywa maji. Kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo, kiweke. Ukwaju na ndimu pia hula ile ngozi, kwa hiyo samaki wa kupaka atafutiwe chombo kingine.

Cha pili ni nonstiki, lakini nzito, na kwa mwenye gesi. Teflon ilipatikana Marekani mwaka 1938, kwa bahati tu, mikononi mwa Roy Plunkett, na pembe ya tone juu yake hufikia nyuzi 110 hivi. Kwa yai hakuna mpinzani. Dukani dondosha matone sehemu tano, hasa pembeni na karibu na misumari ya mpini. Yote yajikunje sawasawa na yateleze ukikiinamisha. Palipo na tone lililotandaa, rangi imekonda. Usikiweke kwenye mkaa: joto lake halina breki, na teflon huanza kuharibika ikipita nyuzi joto 260 hivi za Selsiasi. Changu cha kwanza kilikufa kwa stilwaya. Binti wa dada yangu, kwa nia njema kabisa, alikisugua mpaka kikang'aa. Alichokifikia ni alumini ya chini, inayopenda maji, na sasa imejaa mikwaruzo. Wenzel huyo. Yai la siku iliyofuata nililikwangua kwa kijiko.

Steeli isiyoshika kutu naiweka ya tatu. Inadumu, na haiogopi ukwaju. Ila jaribio la tone dukani halikusaidii hapa. Steeli safi kweli hulowa, tone linatandaa. Iliyokaa rafuni wiki kadhaa hufunikwa na mafuta membamba yaliyomo hewani, na tone linajikunja kuliko inavyostahili. Muuzaji mjanja atakuonyesha hilo kwa fahari. Ioshe nyumbani, urongo utatoka. Kinachosaidia ni kuipasha kwanza: tone la maji likianza kukimbia huku na huku badala ya kuchemka palepale, punguza moto, tia mafuta, ndipo chakula kifuate. Nunua yenye kitako kinene, nyembamba inaunguza.

Alumini nyepesi ni ya mwisho. Ni rahisi, inapata moto haraka, na kwa kukaanga ndani ya mafuta mengi inatosha. Kwa vibibi, hapana.

Siku ile nilitoka na cha chuma. Muuzaji alikifunga gazeti, akanirudishia chupa yangu, akasema, "Shika maji yako, dada, wateja wengine wasijifunze."