Wapima mitetemo: kazi safi, ripoti ndo mtihani

Nyumba yetu inapakana na saiti wanakolipua mwamba, kila baruti ikilia vikombe vinagongana kabatini, kwa hiyo mi nilishajiandaa kwa ugomvi kabisa. Nikaita jamaa wa kupima mitetemo, nina miezi miwili nao sasa.

Kwanza hawakuanza na mashine. Dogo wao alizunguka nyumba nusu siku nzima anapiga picha kila ufa, hata ule mwembamba kama unywele juu ya mlango wa jikoni, anaweka rula pembeni, anaandika tarehe. Nikaona ananipotezea muda, kumbe bila hizo picha huna kesi, maana ufa wa juzi na ufa wa miaka kumi ukiziangalia zinafanana tu.

Halafu sensa, yaani kile kifaa cha kunasa mtetemo. Fundi wa saiti alikuja kabla yao, akaitupia yake juu ya majani, akasoma, akaondoka. Hawa wakachimba kashimo pembeni ya msingi wakaishindilia na juu wakaweka mfuko wa mchanga, eti ikikaa legelege inacheza yenyewe na namba inakuwa ya uongo. Inapima juu-chini, mbele-nyuma na kushoto-kulia, na ina maikrofoni ya kudaka mshindo wa hewa. Hiyo maikrofoni ndo ilinifunga mdomo: ule mlipuko ulionitoa nje pekupeku, ardhini ulikuwa milimita 2.1 kwa sekunde tu, kilichotingisha vioo ni hewa! Kiwango cha Wajerumani cha DIN 4150 kwa nyumba ya kuishi ni milimita 5 mtetemo ukiwa wa polepole, chini ya hetsi 10 (mitikisiko 10 kwa sekunde), ukiwa wa kasi wanaachia zaidi, ila mwili wa mtu unashtuka hata kabla ya kufika 1.

Siku moja ilifika 6.3, meseji ikaingia kwangu na kwa bosi wa saiti muda uleule, mlipuko uliofuata wakapunguza baruti inayolipuka kwa mpigo mmoja. Hapo nikawaheshimu.

Sasa lawama. Wiki ya kwanza meseji za tahadhari zilikuwa zinaniamsha usiku, kumbe ni geti letu likibamizwa, kiwango cha kutuma meseji walikitegesha chini mno. Betri nayo ilikata siku ya kulipua, aisee! Na ripoti yenyewe ni grafu kurasa kwa kurasa, sikuambulia kitu, mpaka nikampigia dogo anisomee kwenye simu, akanielezea vizuri tu kwa dakika tano, sasa si angeandika hivyohivyo?