Usizime kabla ya dakika ya 37

Kazi yangu ni kushuti harusi. Naishi Mlandizi, nina kamera mbili, stendi tatu ambazo moja mguu wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kompyuta ya kuediti ambayo mke wangu anaiita mke mwenza. Nayasema haya mapema ili ujue natazama sinema kwa jicho gani. Ukiniwekea picha ya mabilioni, naona mabilioni tu. Ila ile iliyotengenezwa kwa hela ya kuokoteza, humo naona watu: aliyeshika taa mpaka mkono umekufa ganzi, aliyekanyaga waya, aliyesahau maneno akaokolewa na mwenzake.

Juzi Jumamosi nilikodi mtandaoni filamu ya Kijapani ya mwaka 2017 iitwayo One Cut of the Dead, ya mwongozaji Shinichirou Ueda. Jina lake la Kijapani ni amri: usizime kamera! Ni sinema ya mazombi, ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja, ya dakika 96. Nililipa kama elfu kumi, bando la intaneti mbali. Sebuleni tulikuwa mimi, mke wangu, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kisarawe, binamu yangu na mtoto wa dada, kijana wa kidato cha pili. Wadogo tuliwatanguliza kulala, na wewe ukiwa na wadogo fanya hivyo hivyo. Kuna shoka, kuna mkono uliokatwa, na kuna mtu anatapika kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima.

Sasa tatizo. Dakika 37 za mwanzo ni mbaya.

Yaani mbaya kweli. Kikundi cha watu wanapiga picha ya mazombi kwenye mtambo wa maji uliotelekezwa, halafu mazombi wa kweli wanatokea, na mwongozaji badala ya kukimbia anafurahi, anataka kamera iendelee. Zote 37 ni shoti moja, hakuna kukata. Hilo peke yake ni kazi ya kutoa jasho, kila mpiga video analijua. Ila ndani yake kuna mambo ya ajabu. Watu wameponea chupuchupu kuliwa, halafu wanasimama wanaulizana wanapenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Binti anapiga yowe sekunde nyingi sana bila kubadilisha sura. Damu inarukia kioo cha kamera, mkono unakuja unaifuta. Mtu wa sauti anainuka na kutoka nje kwenye mazombi bila sababu ya maana. Kuna mahali kamera inaanguka, inalala kwenye majani, na tunabaki tunatazama majani.

"Mjomba," kijana akasema, "hii imeshutiwa na simu."

Mama alikuwa na swali lake. "Hao ni misukule?"

Nikamwambia ni kama misukule, mama, ila hii inang'ata. Akatafakari. "Ya kwetu angalau inalima."

Ikumbukwe kwamba filamu ni ya Kijapani na maandishi ya tafsiri chini ni ya Kiingereza, na mama hasomi Kiingereza. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti na kugeuza Kiswahili papo hapo. Mwanzoni nilitafsiri kwa uaminifu. Kufikia dakika ya 15 nilishaanza kutia chumvi, kwa sababu yale mazungumzo ya mapumziko yalikuwa yanachosha, nikamfanya yule binti amdai mwenzake hela ya kikoba. Mke wangu akacheka hadi akaweka chai chini. Hapo nikakumbuka kibanda umiza cha utotoni kwetu, benchi la ubao, turubai jeusi mlangoni, jasho la watu sitini, na sauti ya Lufufu ikituelezea sinema za Wazungu na za Wachina kwa Kiswahili chake. Tulikuwa tunaenda kumsikiliza yeye. Sinema ikiwa mbovu ndio tulifurahi zaidi, maana ilimwachia nafasi ya kusema. Waganda nao wana watu wao wa namna hiyo, wanawaita VJ, na pale Wakaliga, Kampala, wanaopiga filamu za vita kwa vyuma chakavu wanamweka VJ ndani ya filamu yenyewe, akiichekea huku akiisifia.

Basi, dakika ya 37 majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Binamu akainuka, akanyoosha mgongo, akauliza kama naweza kurudishiwa hela yangu. Alitaka tuweke mpira.

Usizime. Kama umekuja hapa kutafuta jibu la swali moja tu, ndilo hilo.

Baada ya majina kuna maandishi: mwezi mmoja nyuma. Hapo unakutana na mwongozaji yule yule, ila sasa ni mtu wa kawaida kabisa, baba wa familia, anayeishi kwa kupiga vipande vya kujazia vipindi vya televisheni. Sifa anayojinadi nayo kazini ni kwamba yeye ni wa haraka, wa bei nafuu, na ubora wake ni wa wastani. Nilisimamisha filamu hapo nikacheka peke yangu. Ningetamani kuliandika hilo kwenye kadi zangu za biashara, maana ndicho wateja wangu wanachonunua, hata kama hakuna anayekiri. Kituo cha televisheni kinampa kazi ambayo wengine wameikataa: filamu ya mazombi, shoti moja, na irushwe moja kwa moja hewani. Sehemu ya tatu ndiyo inakuonyesha zile dakika 37 kutoka upande wa pili wa kamera.

Sitamaliza utamu wote. Nitatoa kimoja tu: yule mtu wa sauti aliyetoka nje kwenye mazombi alikuwa na tumbo la kuendesha. Kila kilichokukera mwanzoni kina sababu yake, na sababu hizo zinakuja moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo sikuwa nawahi tena kutafsiri. Haikuhitajika. Mama alikuwa anacheka kabla yangu. Binamu, yule wa mpira, alikuwa amekaa chini sakafuni mbele ya televisheni kama mtoto wa chekechea.

Kwa mtu wa kazi yangu sehemu hiyo ya tatu inauma kidogo pia. Miaka michache nyuma, kwenye harusi moja huku Pwani, maharusi waliingia ukumbini kwa muziki mkubwa, vigelegele, kila mtu amesimama, nami nikagundua memori kadi imejaa kabla hawajafika hata katikati. Nikamnong'oneza MC. Yule bwana hakupepesa macho. Akatangaza kwamba kwa heshima ya mama mzazi wa bibi harusi, maharusi watatoka na kuingia mara ya pili. Vigelegele vya mara ya pili vilizidi vya kwanza. Kwenye video yao imekaa vizuri ajabu, na nimeambiwa mdogo wa yule bibi harusi alipoolewa waliingia mara mbili pia. Wamefanya mila.

Filamu yenyewe ilitengenezwa hivyo hivyo, kwa kuokoana. Gharama yake ilikuwa kama yeni milioni 3, yaani takribani dola 25,000. Nimeshuti harusi za Mbezi Beach zilizokula zaidi ya hapo, na nusu ikaenda kwenye ukumbi na maua. Waigizaji walikuwa watu wasiojulikana kutoka kwenye warsha ya shule ya uigizaji ya Tokyo. Novemba 2017 ilionyeshwa siku chache kwenye ukumbi mdogo, ikarudi Juni 2018 kwenye kumbi mbili tu, na kuanzia hapo watu wakawa wanaambizana kama nilivyokuambia mimi: kaa, usitoke, subiri. Ikaishia kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3 huko Japani.

Ueda si wa kwanza kutembea njia hii. Mwishoni mwa 1979 Sam Raimi, kijana wa miaka 20, alikwenda na marafiki zake kwenye kibanda cha porini huko Tennessee, Marekani, kupiga The Evil Dead, kwa hela ambazo sehemu yake alizichangisha kwa madaktari wa meno na mawakili wa Detroit. Hawakuwa na mitambo ya kusogeza kamera. Wakaifunga kamera katikati ya ubao, wawili wakashika ncha hii na ile, wakakimbia nayo msituni chinichini, na ule mtikisiko ukawa pumzi ya shetani linalokuja. Damu yao ilikuwa sharubati ya mahindi na rangi ya chakula, ikinata kila mahali. Ya kwanza inatisha kweli. Ya pili, ya mwaka 1987, ndiyo ninayoipenda, maana humo mtu anapigana na mkono wake mwenyewe uliopandwa na pepo, unampasulia sahani kichwani mpaka anaukata kwa msumeno wa injini.

Ule ubao tuliujaribu, mimi na binamu, kwenye mikorosho nyuma ya nyumba ya mama. Nilitaka kutengeneza utangulizi wa kutisha kwa ajili ya video ya rafiki yangu aliyekuwa anaaga ukapera. Binamu alijikwaa kwenye mzizi hatua ya sita. Picha ilipatikana sekunde nne, nzuri mno, na kamera ikakaa kwa fundi wiki mbili.

Watu huniuliza kwa nini napenda vitu hivi, damu na kicheko sufuria moja. Sisi Wazaramo sidhani kama tunapaswa kuulizwa. Babu yangu alipofariki, matanga yalikuwa mazito, wanawake wamelia mpaka sauti zimekauka, halafu akaingia mtani wetu wa Kinyamwezi amevaa koti la marehemu, anakohoa kikohozi chake, anatembea kwa ule mguu wake mbovu, anadai deni la tumbaku. Watu walicheka huku machozi yanatiririka. Bibi yangu, mjane wa siku mbili, alimrushia kanga yake usoni. Yule mtani hakuwa na mavazi wala mitambo, alikuwa na koti tu, na kila mtu alijua si babu. Lakini kwa nusu dakika alikuwa babu kabisa, na nywele zilinisimama. Ndicho ninachokitafuta kwenye sinema hizi na sikipati kwenye za gharama kubwa. Za gharama kubwa zinataka niamini kila kitu. Hizi zinaniachia nione koti.

Nirudi kwenye filamu, nitaje mapungufu. Sehemu ya katikati, ile ya kumjua mwongozaji na familia yake, inajikokota. Mke wangu aliondoka kwenda kuinjika maharage na aliporudi hakuwa amepoteza kitu. Binti wa mwongozaji, anayetaka kuwa mkali wa filamu kuliko baba yake, alistahili nafasi zaidi. Sauti ya dakika 37 za mwanzo ni ya chini, kwa hiyo weka spika ya nje kama unayo. Na kwenye nakala niliyokodi, maandishi ya tafsiri yalikuwa yanachelewa kidogo, mtu anapiga yowe kwanza ndipo unasoma kilichomtisha. Duka silitaji, maana huenda ni intaneti yangu.

Wafaransa nao wameitengeneza upya, ikafungua tamasha la Cannes mwaka 2022, mwongozaji akiwa Michel Hazanavicius, mwenye Oscar yake kabatini. Niliitazama siku iliyofuata. Ni safi, imepangwa vizuri, waigizaji wakubwa. Shida yangu ni hiyo hiyo: ile ya Kijapani inatoka jasho, hii inaigiza jasho. Kama una nafasi ya moja, chukua ya Kijapani.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeikata kwa ajili ya katikati.

Ushauri wa kuitazama: usiitazame peke yako, na usiitazame kwenye simu. Tafuta watu wasiopungua wanne, awepo mmoja mwenye haraka ya kuondoka na mmoja wa kutafsiri anayejua kutia chumvi. Usisome chochote zaidi ya haya. Na wakati majina yanapanda mara ya kwanza, ficha rimoti.

Kitu kimoja sikukitegemea. Ndani ya filamu mke wa mwongozaji anajifunza mbinu za kujihami kupitia televisheni, na ipo moja ya kujinasua mtu akikukamata kwa nyuma: unarusha mikono juu kwa pamoja, unapiga ukelele "Pom!" na kuchomoka. Mama ameikamata hiyo kuliko kitu kingine chochote. Jumatatu asubuhi nilikuwa namsindikiza stendi apande gari la Kisarawe, nikamshika mabega kwa nyuma kumpitisha katikati ya wapiga debe. Mama yangu, miaka 68, akarusha mikono juu katikati ya stendi.

"Pom!"

Mzigo wa ndizi ukaenda chini. Konda wa gari lake akamshangaa, mama akamwambia atamweleza njiani, ila asubiri, mwanzo wake ni mbaya.