Mkanda wa mgongo wa elfu 25, mimi fundi cherehani naupa nyota 2

Jamani mimi ni fundi cherehani, miaka kumi na kitu nakanyaga cherehani ya miguu, sasa mwezi wa kwanza msimu wa sare za shule ulinimaliza yani, sketi za bluu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, nikinyanyuka kiuno hakinyooki natembea nimepinda kama natafuta hela iliyodondoka. Nikaenda zangu Kariakoo kufuata zipu na vifungo nikamkuta kaka kapanga mikanda ya mgongo chini, ile myeusi yenye vitundu vitundu, akanianza dada angu hii inarudisha pingili mahala pake. Alitaja elfu 40 tukaishia 25.

Nianze na ushonaji maana hapo hamnidanganyi. Lastiki yake safi, pana, miezi minne haijalegea. Lakini stichi sasa! Pembeni wamepitisha mshono mmoja tu, wiki ya tatu ukaanza kufumuka nikaurudia mwenyewe kwa uzi wa jinzi. Nyuma kuna vyuma bapa vinne vya kuusimamisha, kimoja kikatoboa kitambaa kikawa kinanichoma kila nikiinama kuokota mkasi. Ile sehemu ya kunatana inanata kweli, mpaka na nyuzi na vipande vyote vya kitambaa inavibeba, jioni ukiuvua utasema ulikuwa unafagilia ofisi. Halafu joto la Dar unalijua, nilipata harara kuanzia kitovuni mpaka mgongoni. Na ukikaa unapanda wenyewe unakuja kubana mbavu, nahisi aliyeutengeneza alimpima mtu aliyesimama.

Unasaidia? Wiki mbili za mwanzo ningekuapia kuwa ni dawa, maana ukiuvaa hujikunji hata utake. Ila nikiuvua tu maumivu yaleyale, mwisho ikawa siwezi kukaa bila mkanda, hapo ndo nikaogopa nikaenda hospitali. Nikapelekwa kwa dada wa fiziotherapia, wale wa tiba ya viungo, akauangalia mkanda akacheka. Akaniambia Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyopitisha miezi 3, na mikanda wameitaja kabisa kwenye vitu wasivyoshauri mtu apewe kama matibabu ya kawaida, mazoezi ndo wanayoyataka.

Halafu akaniambia kaa nione unavyoshona. Nikakaa, nikajikunja, yeye kimya ananiangalia mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kumbe stuli yangu ndefu mno, cherehani ipo chini, siku nzima nimeiinamia kama nachungulia kisimani. Seremala wa jirani akaikata miguu inchi 3 kwa elfu 3. Meza ya kukatia nayo nikaiwekea vipande vya mbao chini ikafika usawa wa kiuno, zamani nilikuwa nakatia pale nimeinama masaa mawili. Na jora nikilibeba sasa nalikumbatia kifuani, silining'inizi pembeni.

Mazoezi nayo sio makubwa, unalala chali umekunja magoti unanyanyua kiuno taratibu unashusha, mara 10, asubuhi na usiku. Na kunyanyuka kila baada ya muda. Mwanzo nilikuwa namtuma mwanafunzi wangu akapige pasi, siku hizi sketi ikiisha naenda kuipiga mwenyewe, yeye anafikiri nimekuwa mkali kumbe naokoa mgongo. Sijapona moja kwa moja, ijumaa nikizidisha oda nausikia, ila nanyooka na hela ya dawa za maumivu imerudi kwenye vicoba.

Ila ukiona mguu unakufa ganzi au unaishiwa nguvu, au mkojo unakutoka hujijui au unagoma kutoka, usikae unalinganisha bei za mikanda, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Hizo nyota 2, moja ya lastiki, nyingine ya siku ya kubeba majora, maana nikiuvaa nakumbuka kutojipinda. Kaka akija kuniuzia tena kwa elfu 10 sinunui. Wangu upo ofisini umening'inia kwenye msumari, saizi L, anayetaka kuujaribu kabla hajaenda Kariakoo aje aazime, aniulize tu kile chuma nimekitoa upande gani.