Wa kuishi na beta Dodoma: kabla ya kuangalia samaki, angalia birika lako

Nikiandika kuhusu beta, yule samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu, ujumbe unaorudi ni ule ule: "Dada, nilimnunulia beta wenzake, wote wamekufa, kabaki yeye anatamba." Na lawama zote anabebeshwa beta. Msomaji mmoja wa Nkuhungu alinitumia picha ya neoni tetra, samaki wengine wadogo wa mapambo, wakielea, akauliza kama beta ana sumu. Hana. Nikamwomba apige picha ndani ya birika lake la chai. Ukoko mweupe umeganda mpaka kwenye mdomo wa birika. Muuaji wenu ndiye huyo.

Mengine mmeshayasikia hadi yamewachosha: dume mmoja tu wa beta, tangi la lita 50 kwenda juu, maji ya nyuzi 24 hadi 28, na hita usiizime Juni na Julai mnapolala na makoti. Ugumu wa maji ndio hausemwi. Maji yetu mengi ya mjini yanatoka ardhini, kwenye visima vya Makutupora, na waliochimba visima vya nyumbani wengine wanajua chumvi wanayokunywa. Kalsiamu na magnesi zimejaa, ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu. Beta asili yake ni madimbwi na mashamba ya mpunga ya Thailand, lakini amefugwa vizazi vingi na anavumilia mengi. Neoni asili yake ni vijito vya Amazon, maji laini kabisa. Ukimtoa kwenye maji ya aina moja ukamtumbukiza kwenye yetu ghafla, huenda asife siku hiyo. Atapauka, atasusa chakula, kisha utaanza kuokota mmoja mmoja.

Kwa hiyo ununuzi wa kwanza ni kipimo. Mimi ni wa API, kampuni ya vipimo vya maji ya tangi, na sijifichi. Kile kisanduku chao cha GH (ugumu wa jumla) na KH (ugumu wa kaboneti) kina chupa mbili za dawa. Weka mililita 5 za maji kwenye kichupa cha kioo, dondosha dawa ya GH tone moja moja huku ukitikisa, mpaka rangi itoke chungwa iwe kijani. Idadi ya matone ndiyo digrii za ugumu, hakuna hesabu nyingine. Vikaratasi vya kuchovya sivitaki hata bure. Na ile kalamu ya TDS mnayouziwa kwa mbwembwe inapima kila kilichoyeyuka kwa jumla, haikutengei chokaa na chumvi ya mezani. Anayekwambia inapima ugumu ama hajui ama anataka kuiuza.

Matone yakizidi 12, na kwa wengi wenu yatazidi, mpangilio wangu wa wenza wa beta ni huu.

Namba moja ni konokono wa neriti, na sioni mshindani. Maji laini yanamla gamba, haya yetu yanamjenga. Anasafisha utando wa kijani kwenye kioo, hana mapezi ya kumchokoza beta, na hatajaza tangi watoto kwa sababu mabuu yake hayakui kwenye maji baridi, yanataka maji yenye chumvi ya bahari. Kasoro yake ni vijiyai vyeupe anavyobandika kila mahali, na anapanda kioo hadi nje, kwa hiyo funika tangi. Ni adimu huku, itabidi uagize. Usipokelee konokono wa bwawani badala yake. Huko kuna wanaobeba kichocho. Wala usimwage konokono wa dukani kwenye mfereji wowote. Konokono-tufaha aliripotiwa kwenye mpunga wa Mwea, Kenya, mwaka 2020, na sisi tuna mpunga wetu wa Bahi.

Namba mbili ni plati wa mkia mfupi. Maji magumu kwake ni nyumbani. Chukua majike watupu kama hutaki uzazi, ingawa jike huweza kufika kwako akiwa na mimba tayari. Usijali sana, beta atapunguza vifaranga. Angalia tu chakula, plati ni walafi.

Namba tatu ni koridora wa shaba, yule Corydoras aeneus. Anavumilia ugumu wa kati, anakaa chini, beta anakaa juu. Nunua sita, na mchanga uwe laini, changarawe kali inamkata sharubu.

Kamba wadogo wekundu ni chakula cha bei mbaya. Gapi dume mwenye mkia mpana beta atamwona hasimu. Goldifishi, hapana. Halafu kuna mtego: mbuna wa Ziwa Nyasa angefaulu kipimo changu cha maji kwa alama zote, lakini mapezi ya beta hayatamaliza wiki.

Anayeng'ang'ania neoni akinge mvua kuanzia Desemba. Acha mvua za mwanzo zisafishe bati, kisha changanya nusu kwa nusu. Maji ya matone 20 yanashuka karibu na 10. Kuchemsha kunaondoa sehemu ya chokaa, chumvi inabaki pale pale.

Sasa wauzaji. Samaki wanapanda basi Dar usiku, asubuhi wanamwagwa kwenye ndoo ya maji ya bomba, jioni wameuzwa. Ukiuliza wamekaa dukani muda gani unajibiwa "wamefika leo leo, fresh", kana kwamba unanunua sato. Wakifia kwako, kosa ni la maji yako. Ingia na kitambulisho cha wizara shingoni uone bei inavyopanda ngazi; mimi changu nakiacha kwenye gari. Samaki aliyekaa dukani wiki mbili akiwa anakula ningemlipia zaidi kwa furaha, kwa sababu ameshazoea maji ya hapa. Huyo hawamtangazi.

Muulize muuzaji maji ya tangi lake yana matone mangapi. Akikuuliza matone ya nini, nunua chakula cha beta uondoke.