Mashine ya mawimbi ya mshtuko kwa kano ya kisigino: uzoefu wangu hapa Mbeya

Kwa wanaoniuliza kama ile mashine ya kugonga kisigino inasaidia kweli: inasaidia, ila si kwa namna inavyotangazwa. Mimi nimeitumia kwa kano ya nyuma ya mguu wa kulia, ile nene inayotoka kwenye kigimbi na kushikana na kisigino. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaisema huko chini.

Mimi ni mwalimu, kutwa nimesimama, na nyumbani ni Isanga. Anayeijua Mbeya ameshaelewa: bajaji ikikushusha, kinachofuata ni kupandisha kwa miguu kuelekea mlima Loleza, na kila hatua ya kupanda inaivuta kano hiyo. Yangu ilianza na ugumu wa asubuhi. Nikitoka kitandani nachechemea hadi chooni, mwili ukipata moto inaachia, jioni inarudi na hasira zake. Baridi ya Juni na Julai ikiingia ndiyo usiseme. Baadaye pakaota kinundu juu kidogo ya kisigino, ukikibinya unaruka.

Nilishapita njia zote za mtaani. Kuchuliwa, maji ya moto na chumvi, diklofenaki za kumeza na za kupaka, sindano za maumivu. Mama mmoja pale Mwanjelwa aliniambia mshipa umepishana, akauvuta hadi machozi yakanitoka, na kesho yake nilishindwa kuvaa kiatu. Hali hiyo niliishi nayo zaidi ya mwaka.

Sehemu ya kwanza niliyoenda kuulizia mashine siitaji jina. Dada wa mapokezi alinipa bei ya kifurushi cha vikao kumi, nilipe vyote kabla ya kuanza, na mguu wangu hakuna aliyeushika wala kuuangalia. Nikamwambia nitarudi. Sijarudi.

Ya pili ni chumba kidogo cha fizio (tiba ya viungo), nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Kijana wa watu akaniamkia, "Shikamoo mwalimu, pole na safari," kisha akaniuliza maswali mengi kuliko daktari yeyote niliyewahi kumwona. Nina sukari? Natumia dawa za kuzuia damu isigande? Nimewahi kuchomwa sindano ya steroidi hapo kwenye kano? Halafu akauliza kitu kilichonishangaza:

"Mwalimu, kabla haijaanza, ulikuwa umemeza sipro?"

Nilikuwa nimeimeza hiyo antibiotiki, kwa ajili ya yutiai. Nani huku hajawahi kumeza sipro, wakati ukiambiwa una taifodi tu unaondoka nayo? Akanieleza kwamba siprofloksasini na ndugu zake zinaweza kuumiza kano, hasa hii ya kisigino, hata kuikata, na kwamba Marekani walilazimisha onyo hilo liwekwe kwenye maelezo ya dawa hizo tangu 2008. Hakusema ndiyo iliyoniumiza mimi. Alisema tu nikiandikiwa tena nimkumbushe daktari kwamba nina tatizo la kano. Kwa ushauri huo peke yake hela yangu ilikuwa imerudi nusu.

Akanilaza kifudifudi, miguu ikining'inia mwisho wa kitanda, akabinya kigimbi kuona kama unyayo unasogea. Hicho ni kipimo cha kujua kama kano imekatika. Unyayo ukasogea. Kisha akaifuata kano kwa kidole gumba sentimita kwa sentimita, na kila nilipogutuka aliweka alama kwa kalamu ya wino. Alama zilijikusanya katikati ya kano, juu ya kisigino, si pale inaposhikana na mfupa. Tofauti hiyo ni muhimu, nitairudia.

Sasa mashine. Ni sanduku la mezani lenye kioo, na mpira wa hewa unaokwenda kwenye mkono wa chuma unaofanana na bastola ya kupulizia magari rangi. Ndani ya huo mkono kuna kipande cha chuma kinachosukumwa na hewa ya kompresa, kinagonga ncha, na ncha inapeleka mshindo mwilini. Hakuna sindano, hakuna ganzi, na umeme hauingii mwilini. Unapakwa jeli ile ya altrasaundi (mwezi wa saba jeli hiyo ni barafu, jiandae) na kazi inaanza.

Inauma. Wanaoandika kwamba ni kama masaji sijui waligongwa wapi. Mlio ni tatatatata mfululizo, mfupa wa kisigino unaitikia hadi gotini, na ikipita juu ya zile alama za wino unatafuta cha kushika. Yeye huanza na nguvu ndogo, anauliza maumivu ni ngapi kati ya kumi, anapandisha taratibu. Mapigo 2,000 yanahesabika kwenye kioo, na mimi macho yangu yalikuwa hapo hapo. Yakishapita mia kadhaa za mwanzo ngozi inakuwa kama imekufa ganzi na unaweza hata kupiga stori. Siku moja umeme ulikatika katikati, jenereta likawashwa, mashine ikaanza kuhesabu tangu sifuri. Nashukuru alikuwa ameyaandika kwenye daftari, nikamaliziwa yaliyobaki tu. Yote haya ni dakika chache, muda mwingi unakwenda kwenye kupimwa na mazoezi.

Kwa kawaida wanapanga vikao vitatu hadi vitano, kimoja kwa wiki. Mimi nililipa elfu hamsini kila kikao. Bima yangu ililipa kumwona daktari, mashine ikaikataa.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka 1980 kule Munich, Ujerumani, madaktari walianza kutumia mawimbi ya mshtuko kupasua mawe ya figo bila kumpasua mgonjwa. Huku kwenye kano ilikuja baadaye, na hapa hakuna kinachopasuliwa. Mtu akikwambia mashine "inavunja uchafu kwenye mshipa", mwulize uchafu gani. Kinachotafutwa ni kuiamsha kano iliyochoka ianze kujikarabati, na kutuliza neva zinazopeleka maumivu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo matangazo hayasemi: mashine peke yake ni nusu ya tiba, pengine chini ya nusu. Nusu nyingine ni ngazi. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya miguu, unajiinua kwa mguu usiouma, uzito wote unauhamishia kwenye mguu unaouma, kisha unashusha kisigino polepole hadi kipite chini ya ngazi. Mara 15, mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, mitatu mingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Maumivu ya kuvumilika yanaruhusiwa, ya kukata hapana. Ukizoea unaongeza mzigo. Mimi nilivaa begi la mwanangu la shule nikaweka mchele ndani. Wanafunzi waliniona nikifanya kwenye ngazi za darasa, nikapewa jina ambalo silisemi hapa.

Mazoezi haya yalienezwa na daktari Msweden, Håkan Alfredson, na utafiti wake wa 1998. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano hiyo, akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa, basi akaamua kuitesa kwa mazoezi hadi ikatike ili wasiwe na namna. Haikukatika, ikapona. Na wapo waliolinganisha mazoezi peke yake na mazoezi pamoja na mashine, wa pamoja wakatoka na nafuu kubwa zaidi. Ndiyo maana mtu akiuza mashine bila ngazi namtilia shaka.

Kuhusu nafuu: usiisubiri kitandani siku ya kikao. Baada ya kugongwa mguu unaweza kuuma zaidi kwa siku moja mbili, na hapo unakatazwa diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu unataka mwili ufanye kazi iliyochokozwa. Panadol inatosha. Vikao viliisha nikiwa bado nachechemea asubuhi, na mume wangu akaanza kuzihesabu zile hela kwa sauti. Mabadiliko niliyaona wiki kadhaa baada ya kumaliza. Siku moja nilifika juu nyumbani na mfuko wa viazi mkononi ndipo nikagundua njia nzima sikuwa nimeuwaza mguu. Kinundu bado kipo ila kimepungua. Asubuhi za baridi kali ugumu upo, dakika mbili tatu, basi.

Nyota niliyoibana ni ya bei, na ya huko kuuziwa vifurushi bila kupimwa. Elfu hamsini kwa wiki si hela ya mwalimu kuchezea. Mwenye uwezo mdogo aanze na ngazi, maana ngazi ni bure, aipe miezi miwili mitatu ya kweli, mashine ifuate ikishindikana.

Wasioruhusiwa: wajawazito, wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande kama warfarini au wenye tatizo la damu kutoganda, mwenye saratani au maambukizi sehemu hiyo, na watoto ambao mifupa bado inakua. Aliyechomwa steroidi karibuni aseme kabla.

Na ile tofauti niliyoahidi: kama maumivu yako yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya ngazi. Fanyia sakafuni, kiishie usawa wa sakafu, na vaa raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo, kandambili ziweke pembeni. Ukipiga simu kuulizia mahali, uliza kwanza kama watakupima kabla ya kulipa na kama wanafundisha mazoezi. Bei iwe swali la tatu.